Kuku wa Kwenye Barua

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sioni haya kusema hivyo. Mtu akinikanyagia sakafu mbichi, atasikia maneno ambayo mama yangu hangependa kujua ninayafahamu. Labda ndiyo sababu nilidumu katika ile yadi ya teraso miaka ya tisini, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja. Mwenye yadi, mzee Mtaliano, alikuwa na hasira kama zangu, na wenye hasira wawili wakishaheshimiana hufanya kazi vizuri sana. Yadi yenyewe ilikuwa upande wa viwandani, ng'ambo ya reli, na mimi nilitokea kwa wazazi wangu mtaani Kaloleni, kwa miguu, kokoto za njia ya reli zikiniingia viatuni kila asubuhi.

Teraso ni ile sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyochanganywa na simiti. Ikikauka inasuguliwa kwa jiwe na maji, siku nenda siku rudi, mpaka inakuwa laini kama sahani. Nairobi imejaa sakafu hizo, kwenye mashule na mahospitali na makanisa, na watu huzikanyaga maisha yao yote bila kuuliza nani alipiga magoti hapo. Mzee alikuwa amepiga magoti. Alikuwa anakaribia miaka themanini na bado alipiga magoti pamoja nasi, gunia limefungwa kwenye kila goti, na alitushinda kasi sisi tuliokuwa na damu moto. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua vijiwe kwa rangi, na alinifundisha nivimwagie maji kwanza, kwa sababu jiwe likiwa kavu linaficha rangi yake. Sakafu ikiisha kusuguliwa, alivua viatu na soksi, akafumba macho, akaitembelea yote kwa unyayo mtupu. Akisimama mahali, jua hapo pana kosa, na utapasugua upya hata kama jicho lako halioni kitu. Wenzangu walimcheka kisirisiri. Mimi nilijaribu kufumba macho siku moja, nikapita palepale aliposimama, na kosa nikaliona kwa kisigino. Tangu siku hiyo sikumcheka tena.

Saa nne tulikunywa chai, na hapo ndipo ungemwona mzee mwenyewe. Mkate ulikatwa na yeye tu, kwa kisu chembamba alichokificha wengine wasikatie kamba. Alikata vipande kumi na vitatu, polepole, akiinama kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, halafu akarudi nyuma, mikono mgongoni, mpaka kila mmoja wetu achukue. Kipande kilichobaki ndicho chake. Mfanyakazi mpya alipowahi kumletea cha kwanza, kwa heshima tu, mzee aliwaka, na yule maskini akadhani kwa hakika amemwaga unga. Baadaye nikaelezwa. Kambini, alikofungwa wakati wa vita, mwenye kukata mkate alikuwa anachagua mwisho. Hivyo hakuna aliyemlinda mkataji, mkono wake ulijilinda wenyewe. Vita vilikuwa vimekwisha miaka hamsini iliyopita na mzee bado alikuwa anakata mkate wa wafungwa.

Vita vilimkuta anasomea ualimu kwao. Akachukuliwa jeshini, akapelekwa Uhabeshi, na Waingereza walipowashinda huko, yeye na wenzake wakapakiwa kwenye malori, wakaletwa Kenya na kufungiwa nyuma ya seng'enge. Humo kambini mateka mmoja mtu mzima, fundi wa mawe, alimwona amekaa bure akamwambia aje ajifunze. Mzee aliniambia aliingia kambini na vidole vya kushika chaki, akanionyesha alivyotoka navyo: vimepinda, vimekakamaa, ukucha mmoja haupo. Baadaye mateka wakaanza kutolewa nje kwenda kujenga, na watu wazima wa Kaloleni watakuambia hata leo kwamba nyumba zetu za mawe zilisimamishwa na Wataliano. Yeye alikuwa mmoja wao. Sijui kama ningeweza kuwajengea nyumba nzuri namna ile watu walionifunga. Nilimstahi sana kwa hilo, na nasema waziwazi, nilimpenda.

Baba yangu alikuwa upande wa pili wa seng'enge hiyohiyo. Alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akavishwa kofia na kupewa bunduki, akaambiwa alinde Wazungu wasitoroke, jambo ambalo mpaka uzee wake lilimchekesha. Vita vilipokwisha akaajiriwa kwenye reli, na siku alipokuja kuangalia nyumba aliyopewa Kaloleni, akamkuta mateka wake juu ya ngazi, anapanga mawe ya ukuta. Tangu hapo hawakuachana. Kila Jumapili alasiri Mtaliano alikuja kwetu kunywa chai. Baba alimwita Mateka, yeye akamwita Baba Askari, na mama yangu alimwita shemeji na kumtania kwamba angeoa mapema angekuwa na mtu wa kumpikia, hangekuwa anakuja kumaliza sukari ya watu.

Hakuoa, na hakurudi kwao hata kwa kutembea. Ukimwuliza habari za kwao alikuwa na jibu moja, kwamba bahari ni ndefu na kazi ni nyingi. Alikuwa na dada mmoja tu. Kila Krismasi alimwandikia, na dada alijibu kwa mistari miwili mitatu. Halafu mwaka mmoja dada akafiwa na mume, na ikaja barua kwamba anakuja Nairobi kwa wiki mbili. Mzee alipaka nyumba yake chokaa, akanunua mapazia, akanyoa masharubu, halafu akajuta kuyanyoa. Tulimcheka tukasema bwana harusi anangojea harusi.

Dada alikuja. Mwanamke mdogo wa umbo, nguo nyeusi, mgongo umenyooka. Siku ya kwanza alipoletwa yadini alipanda lundo la vijiwe bila kushikwa mkono, akaokota kimoja chekundu, akakilamba kwa ncha ya ulimi kuona rangi yake, akakirudisha mahali pake. Nikasema moyoni, huyu ni mtu. Lakini kaka yake alizungumza naye kama karani wa serikali dirishani: unachotaka sema, nitakusaidia, nenda salama. Na yeye alimjibu vivyo hivyo. Siku zikapita, wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, na mapazia mapya hayakusaidia kitu.

Jumatano ya wiki hiyo ya pili tulikuwa tunachanganya simiti, mimi na mzee, akanieleza bila kuulizwa. Alipoondoka kwao dada alikuwa na miaka tisa. Baba yao alikuwa amekufa zamani. Mama yao akafa majira ya baridi ya mwisho ya vita, dada ana miaka kumi na minne. Vita vilipokwisha, vijana wa kijiji chao walioshikwa mateka wakaanza kurudi kwa treni, leo mmoja, kesho wawili, na dada alikwenda stesheni kila treni ilipoingia, mwaka mzima, akiwa amebeba koti la kaka yake mkononi ili asipigwe na baridi akishuka. Kaka hakushuka. Ikaja barua kwamba huku kuna kazi na ameamua kukaa. Msichana akachukuliwa na shangazi, akawa mtumishi ndani ya nyumba ya shangazi mpaka alipoolewa.

"Anafikiri mimi nilikaa hapa kwa sababu ya utamu," mzee akaniambia. "Jumapili anapanda ndege. Akienda hivi, hapana onana tena. Sisi wazee."

Nikamwuliza, basi ulikaa kwa nini. Akaniambia niongeze maji kwenye simiti. Simiti ilikuwa na maji ya kutosha, hata mjinga angeona.

Alichotaka kwangu ni kitu kimoja. Alitaka kumleta dada Kaloleni siku ya Jumamosi, aone nyumba zile, aone kwamba kaka yake alikuwa anafanya kazi huku, hakulala. Na amsalimie Baba Askari. Nilipomwambia Mama, akasema mtu aliyevuka bahari haji kwake kunywa chai peke yake, atakula. Akamchagua kuku yuleyule aliyekuwa amekataa kumuuza wiki iliyotangulia.

Jumamosi mchana wakafika. Mzee alikuwa amevaa koti na tai, na jua lilikuwa kali. Alimzungusha dada yake kuanzia ukumbi wa mtaa mpaka kwetu, nyumba kwa nyumba, akimwonyesha pembe za kuta na fremu za madirisha. Wanaume waliokuwa nje wanasikiliza mpira kwenye redio walimtania, mzee leo umetuletea mkaguzi, mwambie paa langu linavuja. Akacheka nao kidogo. Dada aliweka kiganja kwenye mawe mara moja, akakiondoa. Alisema maneno mawili, na mzee hakututafsiria, kwa hiyo nikajua hayakuwa maneno aliyoyangojea. Nilitaka kumtikisa yule mama mabega. Mtu amekujengea mtaa mzima, hata kusema ni nzuri?

Tukaingia ndani. Mama alikuwa ametandika kitambaa cha wageni, kuku, ugali, kunde. Nikawanawisha mikono. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na akiitoa kwa mgeni ni heshima kubwa, na Baba akaitoa. Akaiweka kwenye sahani ya Mateka wake kwa vidole vyake mwenyewe. Mzee akaila polepole, akimtazama dada kama amemwona akipewa. Dada hakumtazama. Alikuwa anakula haraka, kimya, mkono wa kushoto umeizunguka sahani kama ukuta. Alikula vizuri, Mama akafurahi. Halafu akafungua kitambaa cha mkononi, akaweka humo kipande cha ugali na paja la kuku, akakunja, akatia kwenye mkoba. Hakujificha. Alifanya kama mtu anayefunga kifungo cha nguo.

Mama akanitazama, nikaelewa anauliza kama mgeni hakushiba. Mzee aliona. Uso ukamwiva mwekundu, akamwambia dada yake maneno ya chini chini, makali. Dada akajibu sentensi moja ndefu bila kuinua macho, na baada ya hapo chumba kikawa kizito.

Sasa Baba yangu, watu wawili hawakuweza kugombana mbele ya chakula chake kwa lugha asiyoijua. Akauliza, dada amesema nini. Mzee hakuwa mtu wa uongo kwa Baba, akasema.

"Anasema mimi hapana weza jua. Yeye na Mama walikuwa na njaa huko. Mimi nilikuwa huku, nashiba."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kupangusa macho. "Wewe, Mateka? Ulishiba lini?"

Na akaanza kusimulia, kwa furaha kabisa, kama mzee anayekumbuka vituko vya jeshini, bila kujua anafukua nini. Alisema mwaka ule wa kwanza chakula cha mateka kilikuwa kidogo, na huyu hapa alijaribu kutoroka akashikwa siku ya pili, akawekwa na waliopunguziwa hata hicho kidogo. Walipewa maji ya kabeji. Aliwahi kumwona anatafuna mzizi wa nyasi. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa kwenye mnara wa lindo. Na mtu huyuhuyu, kila walipogawiwa karatasi za kuandika kwao, alikaa karibu na seng'enge akaandika kurasa mbili zimejaa, na Baba akiwa zamu alimwuliza anaandika nini. Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alieleza. Leo nimeandika nimekula kuku. Leo nimeandika supu ya nyama, mayai, maziwa. Alimweleza mama yake hata jinsi kuku alivyopikwa. Siku moja Baba akamwuliza kuku gani huyo, maana yeye mlinzi hajamwona. Mateka akamjibu ni wa kesho.

"Basi nikaona haya," Baba akasema. "Nikaanza kumletea ugali ndani ya kofia."

Kwa miezi, alisema. Ugali, maharagwe, wakati mwingine samaki mkavu, vimefungwa kwa jani la mgomba, vimewekwa ndani ya kofia ya jeshi. Angeshikwa angechapwa viboko na kufukuzwa. Aliinama kama anafunga kamba ya kiatu, akavisukuma chini ya waya, akaendelea na lindo.

Hapo Mama akaweka upawa chini. Wakati huo wa vita alikuwa ameolewa miezi michache tu, anakaa na Baba kwenye nyumba za askari kando ya kambi. "Kumbe ugali wangu ulikuwa unaenda huko," akasema.

Baba akakumbuka yuko chumba kimoja na mke wake. Mama akatueleza, kwa sauti ya utulivu iliyomtisha Baba zaidi, kwamba mwaka ule alisonga ugali wa watu wawili na sufuria ikaisha kabla yeye hajashiba. Akaongeza unga, ukaisha vilevile. Akajua kwa hakika bwana ana mwanamke mwingine anamlisha. Alilia mwezi mzima, akafunga nguo zake arudi kwao, mama mmoja jirani ndiye aliyemzuia. Na kumbe mwanamke mwenyewe ni huyu shemeji. Baba akajitetea kwamba wanawake bombani wana midomo, neno lingefika kwa bwana mkubwa kabla ndoo haijajaa. Hata mzee akacheka kidogo. Dada wa mzee alitutazama mmoja mmoja, hajui tunacheka nini.

"Haya, mwambie," Baba akamwambia Mateka.

Mzee akamgeukia dada yake akasema maneno matatu, labda manne. Dada akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyoitikia habari za mvua.

Jamani, damu ilinipanda. Baba alikuwa amezungumza robo saa nzima. Nikasahau kwamba ni mwajiri wangu, kwamba ana umri wa baba yangu, kwamba yuko kwetu mgeni. Nikamwambia hukumwambia. Akasema amemwambia. Nikamwuliza ugali uko wapi katika maneno matatu, kofia iko wapi, barua ziko wapi. Nikasema kesho mtu anapanda ndege, ama umwambie, ama nitamwambia mimi kwa mikono. Mama akanivuta gauni nikae. Sikukaa.

Mzee alisukuma sahani mbele. Alipozungumza alizungumza na mimi, si na Baba.

"Binti, mama yangu alikufa na njaa. Padri aliniandikia. Alikufa, barua zangu ziko chini ya mto wake. Kuku. Nyama. Maziwa. Niliandika asiwe na wasiwasi. Sasa yeye analala pale, hana kitu tumboni, na anajua mtoto wake anakula kuku, hata mfupa mmoja hatumi. Alikufa anajua hivyo. Mimi nitasimama vipi kwenye kaburi yake? Nitasema nini kwa huyu? Nikisema nilidanganya, ni mbaya. Nikinyamaza, ni mbaya. Basi nilikaa."

Nilikaa chini mwenyewe bila kuvutwa. Miaka yote niliyomfahamu nilidhani bahari ni ndefu na kazi ni nyingi. Na huyu mtu asiyeweza kuvumilia kosa la sakafu lisiloonekana kwa macho alikuwa amelala na hilo usiku kwa usiku, akaamka akapiga magoti akafanya kazi. Nilimhurumia sana. Baba, kwa sauti ya chini kabisa, akamwambia: "Mwambie, ndugu yangu." Hakumwita Mateka.

Akamwambia. Sijui Kitaliano, lakini nilifuata kwa mikono yake. Nilimwona anaandika hewani. Nilimwona anaonyesha mbavu. Nilisikia ugali, nikasikia askari, nikaona kofia inavuliwa na kitu kinasukumwa chini. Alimnyooshea Baba kidole, halafu Mama, halafu akaweka kiganja kwenye meza na sauti ikashuka, nikajua amefika kwa mto na barua. Dada hakusogea. Mzee alipomaliza, dada aliuliza swali moja fupi. Mzee akaitikia. Dada akanyanyua mkono akampiga begani, pigo la kweli lililosikika, na akaanza kusema. Alisema sentensi akangoja, kwa makusudi, atutafsirie, kisha akaendelea. Alitaka na sisi tusikie.

Anasema mimi mjinga, mzee akatafsiri. Anasema alikuja stesheni mwaka mzima na koti. Ningeshuka tu, na uongo wangu wote.

Anasema Mama alijua.

Hapo dada akamsukuma kwa kiwiko aendelee. Anasema barua ya kwanza tu ilipofika, mama yao alimwita mezani, akamsomea mara mbili, akaikunja akasema ndugu yako ana njaa. Mtu aliyeshiba haandiki kurasa mbili za kuku. Kila barua ilipokuja, alipima njaa ya mwanawe kwa wingi wa chakula kilichoandikwa. Ilipofika ile yenye maziwa na mayai na nyama pamoja, alilia siku nzima.

Halafu dada akasimulia majira yale ya baridi. Wajerumani, walioishika nchi yao wakati huo, walikuwa wamechukua ng'ombe na ghala la kijiji. Milimani walikuwa wamejificha askari wa Kiingereza waliotoroka kambi za mateka huko Italia, na aliyekutwa amewaficha alichomewa nyumba. Usiku mmoja wawili waligonga mlango. Waingereza, watu walewale waliokuwa wamemfunga mwanawe. Mama yao akawapandisha darini, juu ya zizi la mbuzi mmoja aliyebaki, akawalisha wiki nyingi. Uji ulikuwa mmoja kwenye sufuria, na nusu yake ilipanda ngazi kila siku. Dada alikuwa na miaka kumi na minne na njaa ilikuwa inamtia kizunguzungu. Akamkasirikia mama yake. Akamwuliza kwa nini anawapa maadui chakula chetu.

Jibu la mama yao mzee hakulitafsiri. Dada akarudia ile sentensi, polepole zaidi, akimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu waingie nyumbani kwetu.

"Mama alisema," mzee akatafsiri, "labda huko aliko, kuna mwanamke anampa wangu."

Nje redio ya mpira ilikuwa inapiga kelele na watu wanashangilia bao. Baba alikuwa anaangalia viganja vyake. Sote, hata dada ambaye hakujua neno moja la lugha yetu, tulimgeukia Mama. Alikuwa ameinama anakusanya makombo ya ugali kwenye kitambaa cha wageni, anayarundika, anayatawanya, anayarundika tena. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na mwaka ule wa kambi alikuwa bado hajafika ishirini.

"Mwambie sikujua," Mama akasema.

Mzee akaanza kutafsiri, Mama akainua mkono kumzuia, hajamaliza.

"Mwambie ningejua, ningesonga mkubwa zaidi."

Mzee akamgeukia dada yake kumwambia hayo. Akanywa maji, akaanza tena.